Nafasi ya Mistari Miwili

Ndia Kuu, Mombasa
Jumapili, baada ya kanisa

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Naanza na goti kwa sababu najua ukiulizwa hali utasema "niko salama" hata ukiwa umelala chini. Na ukungu wa huko umeanza kuinuka, au bado mnaota moto mpaka saa sita? Mimi ni mzima. Joto la hapa limepungua, nalala vizuri, nakula vizuri, na ukiniona utasema nimenenepa. Yule kuku mweusi kama bado yupo, tafadhali msimchinje kabla sijaja.

Mama, barua hii isome mwenyewe. Usimpe mwalimu wa Jumapili akusomee, wala usiifungue mbele ya wifi. Vaa miwani, kaa jikoni, soma polepole. Kuna jambo nimelifanya juu yako bila kukuuliza. Nitalisema, lakini lazima nianzie mbali kidogo, maana usipomjua Mashima hutanielewa.

Mashima ndiye bibi ninayemfanyia kazi. Jina hilo kwa Kibengali ni kama kusema mama mkubwa, na mtaa mzima tumelishika. Alikuja hapa akiwa bibi harusi, mumewe akifanya kazi bandarini. Mzee alikufa, watoto wakatawanyika, amebaki na mwanawe Dipu, karani wa ghala moja kule Shimanzi. Nilikwambia zamani kwamba anapenda samaki kuliko paka. Jirani zake Wahindi wa hapo chini hawagusi samaki wala nyama, wakipanda ngazi zetu wanashika pua, naye anacheka tu. Sokoni wanamjua kama yule mama wa vichwa vya samaki, basi.

Na mimi nilimjua hivyo hivyo. Miaka miwili nimepangusa vumbi kwenye kabati mbili za vitabu pale sebuleni, nikidhani ni vitabu vya dini vya marehemu mzee. Herufi zao zinaning'inia chini ya mstari kama nguo zilizoanikwa kambani. Ningejuaje? Nilimwona anaandika jikoni kila asubuhi, nikasema moyoni, huyu bibi ana ndugu wengi wa kuwaandikia barua.

Kabla ya Pasaka akaja baharia mmoja wa kwao, analeta mkebe wa mafuta ya haradali kutoka kwa jamaa. Mtu mzima, ndevu zimeingia mvi. Dipu akamtajia jina la mamake. Yule baharia akaweka mkebe chini, akavua viatu, akainama akamgusa Mashima miguu, kisha akapeleka mkono ule kichwani pake mwenyewe. Halafu akalia, Mama. Mwanamume mzima analia, na mimi nimesimama hapo na mwiko.

Dipu akanieleza. Mama wa baharia yule hakujua kusoma. Wanawake wa mtaani kwao walikuwa wakikusanyika baada ya chakula cha mchana, mmoja anasoma kwa sauti na wengine wanashona. Siku kitabu kimoja kilipokwisha, mamake hakuwasha moto siku mbili. Alikuwa akimlilia mwanamke ambaye hakuwahi kuzaliwa, mwanamke aliyetungwa hapa Ndia Kuu, kwenye jiko hili ninalolipiga deki.

Vile vitabu vyote vya kabatini ni vyake! Nikafungua kimoja, nyuma kuna picha yake akiwa kijana, nywele nyeusi tii. Nikamtazama. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi ya nazi, anaparua magamba ya samaki. Tangu siku ile nikipita mbele ya zile kabati natembea kama niko madhabahuni.

Nilimuuliza aliviandika lini vyote hivyo, na watoto, na mume, na mama mkwe ndani ya nyumba. Akasema, "Wali ukichemka sura imeanza, wali ukiiva sura imekwisha." Nyumbani kwa wakwe zake karatasi safi zilikuwa za wanaume. Yeye aliandika ndani ya pakiti za majani ya chai na nyuma ya stakabadhi za duka. Alipofika huku akaendelea vivyo hivyo, sura baada ya sura zikapanda meli kwenda kwao. Mpaka leo karatasi nyeupe pande zote mbili inamtia hofu. Dipu anamletea fomu za shehena za zamani, maana ghalani kwao wameingiza kompyuta na fomu zile hazina kazi tena. Upande mmoja umechapwa, na wa pili ndio Mashima anauandika, sinia amelipindua magotini likawa meza.

Sasa macho yake yanakwisha. Mwenyewe amesema anachoandika sasa ndicho cha mwisho. Kwao, kila mwaka ikikaribia sikukuu yao kubwa, magazeti hutoa toleo nene lenye hadithi ndefu nzima ndani yake, na mwaka huu wanamngojea. Mpwa wake anaondoka mwisho wa mwezi. Ndiye atakayeibeba.

Haya, Mama, sasa jikaze.

Kila alasiri tunapochagua mchele, Mashima ananiuliza mambo ya kwetu. Mlango wa nyumba yenu unaangalia wapi? Maji mnateka wapi? Nani anakula kwanza? Mdomo wangu unaujua. Siku moja nikamsimulia ile siku Baba alipomleta Mama Mdogo.

Nilimweleza ulivyoviosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi. Ukapakua, ukaketi, ukala wa kwanza, mbele ya Baba na wajomba zake, jambo ambalo hakuna mwanamke wa ukoo wetu aliyethubutu kulifanya. Ukamaliza, ukanawa, ukapakua sahani ya pili, ukaenda nayo mlangoni alikokuwa ameketi Mama Mdogo na kifurushi chake, msichana wa watu anatetemeka. Ukainama, ukamwambia neno sikioni. Akacheka. Akaingia ndani. Na tangu siku hiyo nyinyi wawili hamjagombana hata kwa kuni.

Mashima aliuacha mchele kwenye ungo. Wiki nzima akaandika. Dipu akazisoma kurasa, akaninong'oneza, "Ni mamako huyo." Amekuhamishia kwao, Mama, amekuvisha sari, amekupa mto badala ya mlima, lakini ni wewe. Nilifurahi, na papo hapo nikaogopa, maana nyumba ni yako na siri ni yako. Nikasema nitakuandikia kesho. Kesho ikawa kesho kutwa.

Basi Mungu akanichapa. Kila Jumamosi fomu zilizobaki huwa nampelekea Bi Rehema wa Bondeni, anafungia wateja wake bhajia, na mimi sirudi mikono mitupu. Jumamosi ile nilikuta rundo juu ya pipa la unga, fomu tupu machoni pangu, namba na majina ya meli. Sikugeuza. Mashima alikuwa amezilaza kifudifudi ili unga usiharibu wino. Nikazibeba zote, nikaenda zangu naimba.

Jumatatu anapapasa juu ya pipa. "Mghoi, sura yangu iko wapi?"

Mama, nilikimbia mpaka Bondeni na aproni kiunoni. Bi Rehema yuko mbele ya karai lake.

"Bi Rehema, zile karatasi!"

"Karatasi zipi, mwanangu? Zote n'shafungia watu bhajia tangu juzi. Zilosalia ni hizi tatu."

"Zilikuwa na maandishi nyuma."

"Niliyaona. Nikasema hawa wenye maghala siku hizi waandika maua." Kisha akaniona uso. "Wewe! N'ni? Kuna mtu kafa?"

Nikamwambia. Bi Rehema akaliepua karai la mafuta motoni, akajifunga leso kiunoni, tukapita naye mlango kwa mlango. Kwa kinyozi tulipata moja, ameiweka chini ya chupa ya spiriti. Moja tuliiokota kwenye ngazi za nyumba, imekunjwa. Mlezi wa watoto mmoja akatuambia ya kwake imewashia jiko. Tukarudi na kurasa tano kati ya rundo lile lote, zimelowa mafuta mpaka unaona upande wa pili.

Nilipanda ngazi zile kama mtu anayekwenda kuhukumiwa. Sikuogopa kufukuzwa. Niliogopa macho yale. Yamebakiwa na mwanga kidogo tu, na mimi ndiye niliyeupoteza bure, tena ukiwa umetumika kukuandika wewe.

Nikapiga magoti, nikamwekea zile kurasa mapajani. Mashima akainua moja, akainusa.

"Za Rehema," akasema. "Juzi alizidisha giligilani."

Nikasema, "Nisamehe, Mashima, sina la kusema."

"Unalo. Unalo lote. Kaanga samaki, kisha kaa hapa, nisimulie tena tangu vyombo."

Nikasimulia. Yeye anaandika, uso ameuinamisha mpaka pua inagusa karatasi. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mkono ukichoka anaushika kwa ule mwingine. Kurasa zile tano hakuziangalia hata mara moja. Mama, nimeona watu wakilima na nimeona watu wakijenga, sijaona kazi kama ile. Bibi wa miaka ile anaanza upya jambo alilolimaliza, bila kunung'unika, na kila ukurasa unatoka kichwani pake umekamilika. Nilikuwa nakatakata vitunguu, na sikulia kwa vitunguu.

Siku ya nne kalamu ikasimama.

"Hapa," akasema, "mamako anainama. Alimwambia nini?"

"Sijui, Mashima. Nilikuwa mtoto, nilikuwa mbali. Hajamwambia mtu."

"Ile sura ya kwanza ilikuwa na maneno. Niliyatunga mimi. Mazuri sana, wasomaji wangelia." Akapangusa kalamu kwa ncha ya sari. "Yalikuwa urongo. Niliyajua ni urongo nikayaacha, kwa uvivu wa uzee. Rehema amenisaidia."

"Basi tunga mengine."

Akacheka. "Wanawake wote wa kabati zile niliwapa mimi la kusema. Huyu wa kwenu amenishinda. Yeye alipata neno moja, kwa wakati wake, mbele ya watu wote, likamfanya mke mwenzake acheke. Mimi na umri wangu huu silipati."

Mama, nimwamini nani kama simwamini yeye? Wewe uliyesema hujui kitu ila jembe na Biblia, leo umemkwamisha mtu ambaye mabaharia wanamvulia viatu.

Basi anakuuliza, na mimi nakuuliza, jambo nililopaswa kulifanya tangu mwanzo. Ukikubali, tuandikie lile neno. Ukikataa kulisema lakini ukaruhusu sura iende, ameapa ataacha pale nafasi ya mistari miwili, tupu, na wasomaji wataiona wajue kuna mwanamke aliyekataa kusema. Na ukisema sura yote ichanwe, ataichana. Alisema, "Nimeiandika mara mbili, kuichana hakunishindi." Namjua sasa. Ataichana kweli. Mpwa wake anaondoka mwisho wa mwezi, kwa hiyo jibu mpe dereva wa basi yuleyule aliyekuletea barua hii, usilipitishe posta.

Karatasi niliyoifunga humu ni ya jibu lako. Usishangazwe na namba za meli upande wa pili. Nimeigeuza mara tatu, haina kitu.

Nisalimie mjomba seremala, mwambie kile kigoda alichonitengenezea ndicho ninachokalia nikisimulia. Nisalimie wifi na kitoto chake kipya, ingawa sijaambiwa jina. Mwalimu wa Jumapili mpe heshima zake, ila barua usimpe. Na Mama Mdogo msalimie peke yake, pembeni, umshike mkono. Yeye ndiye wa pili anayelijua lile neno. Mkilikumbuka mkaanza kucheka, chekeni kwanza mpaka mtosheke, kisha ndipo ushike kalamu.

Asubuhi hii nilipotoka kwenda kanisani, Mashima alikuwa amekaa juu ya mbuzi ya nazi, sinia magotini, kalamu mkononi, haandiki. Nikamuuliza kama nimletee chai. Akasema, "Nyamaza kidogo, namsikiliza mamako."

Mwanao mwenye mdomo,
Mghoi