Gari Nisilothubutu Kulizima

Jumapili, 1 Mei 1955. Kitale.
Gari limezima tena. Mbele ya kanisa! Wazee wa kanisa wakanisukuma mpaka mteremkoni ndipo likawaka. Mimi, karani mzima wa ghala la mahindi, nimevaa suti, nasukumwa kama mkokoteni. Taa nyekundu haizimiki — maana yake dainamo haichaji betri. Na hendeli ya kuwashia sikupewa nilipolinunua.
Wiki mbili tu zimebaki nikamchukue mke wangu Jentrix kwao Kibabii. Daktari alisema mtoto huyu lazima azaliwe hospitali hapa Kitale. Yule wa kwanza tulimzika hata jina hajapata. Siwezi tena.

Jumatano, 4 Mei
Fundi Kiptanui ameweka betri mpya. Nilimwuliza kama ana hakika. Ati nisimfundishe kazi! Limewaka mara moja. Nimefurahi kama mjinga.

Alhamisi, 5 Mei
Mjinga kweli. Limezima.

Jumamosi, 7 Mei. Kibabii.
Aibu. Nimefika ukweni kumwona Jentrix, nikaacha injini inanguruma uani saa nzima. Ningezima, nani angenisukuma? Wakwe zangu? Baba mkwe, Mzee Mukhisa, akaweka kikombe chini. Akaniuliza kama kwangu kumeshika moto. "Sisi tunakula na wewe, na gari yako inaita twende, twende! Si uketi, bana!" Nikaeleza habari ya dainamo. Nikaona nazidi kuharibu.
Mama mkwe alikuwa jikoni, hakutoka. Ndiyo desturi yetu: yeye na mimi hatupeani mkono, hatukai karibu, tukikutana njiani mmoja anaingia majanini. Nilimsikia akimwuliza Jentrix mumewe ana haraka gani.

Jumanne, 10 Mei. Kitale.
Kiptanui ameifungua dainamo yote, amebadilisha na nyaya. Nimezunguka mji mara sita. Taa nyekundu imezimika! Kiptanui anacheka, ananipigapiga mgongoni. Mbona moyo haukubali?

Ijumaa, 13 Mei
Bado linawaka. Nimefikiria basi, lakini basi litamrusha Jentrix kwenye kila shimo. Hapana. Gari langu ni afadhali. Mungu nisaidie.

Jumapili, 15 Mei. Njiani, Kiminini bado.
Limezima.
Saa tano asubuhi, mvua. Taa ile ilirudi tulipopita Webuye. Niliiona, nikanyamaza! Ningegeuza pale pale. Nikajiambia litafika. Halafu uchungu ukamshika Jentrix, wiki mbili kabla ya siku zake kutimia. Nikapunguza mwendo kwenye tope, injini ikakohoa — kimya.
Mtu wa baiskeli amekwenda Kiminini kutuitia watu. Hajarudi. Naandika kwa sababu nikiacha nitapiga mayowe.
Mama mkwe yuko nyuma na Jentrix. Amekuja kumsaidia hospitali. Tangu Kibabii hatujasemezana: akitaka kitu anamwambia Jentrix, naye Jentrix ananiambia mimi. Sasa Jentrix hasemi kitu. Ananishika bega tu, anabana, anaachia. Nimefungua boneti mara tatu. Natazama zile nyaya mpya za Kiptanui kama mtu asiyejua kusoma. Sijui kitu. Nimesukuma peke yangu, mkono mmoja kwenye usukani, halikusogea hata shubiri. Mteremko uko pale mbele, hatua thelathini hivi. Nauona!
Jentrix anabana tena. Safari hii haachii.
Mlango wa nyuma umefunguliwa. Mama ameshuka. Amevua viatu, amekaza leso kiunoni, anazunguka nyuma ya gari. Namwona kwenye kioo. Ameweka mikono miwili kwenye buti, anangoja. Ananingoja mimi! Mkwe wangu asukume gari langu, kwenye tope, mimi nikiwa nimekaa hapa na kalamu? Na nikishuka, nitasimama wapi? Nimtazame vipi? Baba mkwe akisikia —
Ameanguka! Ameteleza, amekaa kwenye tope, anajaribu kuinuka, hawezi. Jentrix anapiga kelele mama, mama.
"Walubengo!"
Miaka minne tangu nioe, na sijapata kusikia jina langu kinywani mwake. Amenyoosha mkono. Naweka kalamu chini, nashuka kuushika.