Ukurasa wa Kumtafuta Moinaecha

Andoany, Nosy Be, Madagaska

Kwako Baba yangu, Mzee Bakari,

Shikamoo Baba. Naomba barua hii ikukute umeketi vizuri, miguu imepungua kuvimba, na macho bado yanakubali kusoma mwandiko wangu. Nimeandika herufi kubwa kwa ajili hiyo. Juzi kwenye simu nilikuuliza habari za dawa ukanijibu habari za mvua, nikajua simu haitufai tena. Basi narudi kwenye karatasi, na wewe uliyekaa nyuma ya dirisha la posta miaka yote ile huwezi kunilaumu. Mama je, goti lake linampa nafasi ya kusali kwa kusimama, au bado anakaa kwenye kiti?

Sisi huku tu wazima wa mwili. Abdu anashinda gatini akitengeneza injini za boti, nami bado niko mapokezi kwenye hoteli ndogo ileile. Wageni nawajibu Kifaransa, wenzangu nagombana nao kwa Kimalagasi, na Kiswahili kimebaki cha kukuandikia wewe na cha kuongea na mama mkwe, maana Kingazija chake na Kiswahili chetu vinaelewana kama nusu hivi. Ile nusu nyingine, tukikutana, tunaimalizia kwa mikono.

Habari inayonifanya nikuandikie inamhusu yeye. Nimefika mahali sijui niweke wapi mguu, Baba, na Abdu naye hajui.

Unakumbuka nilikwambia kwamba mama mkwe, Mama Zalihata, alikuwa na mdogo wake, Moinaecha. Walikuwa wakikaa Mangarivotra, mtaa wa mji wa Mahajanga, mama yao amekwisha kufariki, na yeye ndiye aliyemlea huyo mtoto. Zilipokuja zile siku za fujo za miaka ya sabini, watu wa asili ya Ngazija wakawa wanawindwa na kukimbia Mahajanga kwa meli na kwa ndege, mtoto alikuwa na miaka saba. Hadithi ya nyumbani siku zote imekuwa kwamba alipotea kwenye msongamano, mahali walipokusanywa watu wa kusafirishwa. Mama Zalihata alibaki kwa sababu alikuwa ameolewa na baba yake Abdu, mtu wa huku, na wakwe zake walimficha shambani kwao. Tangu hapo hakumwona tena mdogo wake. Alichobaki nacho ni picha moja, mtoto amesimama kando ya cherehani, amekunja uso kwa jua.

Mwaka jana baada ya Idi aliniambia, “Mwanangu, wewe unakaa mbele ya kompyuta kutwa. Niwekee Moinaecha humo, watu wamwone.”

Kukaa mbele ya kompyuta na kuijua kompyuta ni mambo mawili, lakini nani atamweleza? Nikamuuliza mhasibu wa hotelini. Akaniambia siku hizi hakuna haja ya kujua lugha ya mitambo, ziko kampuni zinazokupa tovuti nusu imekwisha kujengwa, wewe unaburuta picha kwa kidole unaiweka pale unapotaka, unaandika maneno yako, basi. Akaniandikia majina matatu.

La kwanza lilikuwa limeandikwa Kiingereza kitupu, lakini lilipendeza. Nilifanya kazi siku nyingi wakati wa mapumziko ya mchana, nikaweka picha, nikaandika habari. Kumbe ule ulikuwa muda wa kujaribu tu. Wiki ya tatu nikafungua nikakuta ukuta mweupe na maneno ya kuniaga kwa adabu. Kila kitu kimekwenda. La pili halikunifungulia hata mlango bila kadi ya benki, nami kadi sina. La tatu lilikuwa dogo, la bure, kwa Kifaransa, na chini ya ukurasa wanabandika tangazo lao, lakini lilifunguka hata kwenye simu ya zamani na mtandao wetu huu wa kukatika. Nikasema hili ndilo. Watu tunaowatafuta wanatumia simu za aina hiyo.

Nao wanakutaka uchague sura ya tovuti yako. Kulikuwa na sura ya mgahawa, ya msusi, ya mpiga picha, ya mwalimu wa mazoezi, ya harusi. Ya mtu anayemtafuta ndugu yake haikuwapo. Nikachukua ya harusi, kwa kuwa juu ilikuwa na nafasi ya picha kubwa na chini nafasi ya maneno. Maua ya pembeni yalikataa kutoka. Nilibonyeza kila mahali, yakakataa. Mama Zalihata nilipomwonyesha, tulipokwenda kumtembelea, alifurahi, akasema maua yanampendeza mdogo wake.

Nikaandika: “Tunamtafuta Moinaecha, aliyepotea akiwa na miaka saba.” Chini nikaweka kisanduku cha watu kutuandikia. Tovuti ikaniuliza kama anayeandika alazimishwe kuacha anwani yake. Nikawafikiria wazee wa Moroni na wa Mayotte wanaohangaika na simu za wajukuu, nikabonyeza hapana. Jina linatosha, nilisema. Iwe rahisi kwao.

Binamu zake Abdu walioko Ngazija wakausambaza ukurasa. Miezi ikapita. Kila Ijumaa mama mkwe alikuwa akimpigia Abdu, na kabla ya salamu kwisha anauliza, “Kuna mtu ameandika?”

Mwezi uliopita mtu akaandika. Nilikuwa mapokezi, mgeni amesimama mbele yangu anadai taulo, nikaona alama nyekundu kwenye kisanduku. Nakutafsiria kama ilivyo, maana nimeishika kichwani:

“Ondoeni picha yangu hapo. Mimi sikupotea. Niliachwa. Dada aliniambia nikae juu ya mzigo wa majirani, nifumbe macho, nihesabu hadi mia, na nikimaliza atakuwa amerudi. Nilikuwa najua hadi ishirini tu. Nikawa nafika ishirini naanza tena. Mwambieni aseme ukweli au anyamaze. Moinaecha.”

Ndiyo hayo tu. Anwani hakuacha. Namba hakuacha. Nimelizungusha lile dude la tovuti juu chini nikitafuta mahali pa kumjibu, nikamwomba mhasibu naye atafute. Akaniuliza, “Ulilazimisha anwani?” Nikasema hapana. Akarudisha simu mezani taratibu, akasema, “Basi hujui yuko wapi. Na hao wenye tovuti hawatakwambia.” Nilikwenda stoo ya mashuka nikalia huko.

Siku tatu sikumwambia Abdu. Nilipomwambia, alisoma mara moja tu, akanirudishia simu. “Futa ukurasa wote,” alisema. “Mama mwambie hakuna aliyejibu. Huyo ni mtu anatuchezea.”

“Habari ya kuhesabu angeitoa wapi?”

“Nimesema futa.”

Sikufuta. Niliomba ruhusa kazini, nikavuka kwa boti hadi Ankify upande wa bara, nikapanda teksi-brusi, vile vibasi vyao vya safari ndefu, na siku ya pili nikawa Antanimasaja, mtaa anaokaa mama mkwe huko Mahajanga, mgongo umekufa ganzi. Mama Zalihata nilimkuta ukumbini anachagua mchele kwenye ungo. Aliponiona nimekuja bila taarifa akajua. Hakuuliza habari za safari.

Nikamsomea, polepole, nikigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili, na Kiswahili pale anaposhindwa nakisukuma kuwa Kingazija. Mikono yake iliendelea kuchagua mchele. Nilipomaliza akasema, “Soma tena pale pa kuhesabu.”

Nikasoma tena.

“Yu hai,” alisema. Halafu akaweka ungo chini. “Mwanangu, nilikuwa na mimba ya Abdu. Baba mkwe alisema nyumba yake itamficha mwenye mimba ya mwanawe. Mtoto wa Kingazija akiongezeka juu yangu, majirani wangetujua. Nikampeleka mwenyewe. Nilimpa muhogo wa kuchoma. Nikamwambia ahesabu ili asinione nikiondoka.” Akanitazama. “Niliporudi nikasema amepotea. Watu wakanihurumia. Wakanipa pole mpaka leo.”

“Abdu anajua?”

“Hajui. Mwambie wewe. Mimi siwezi kumwambia niliyemzaa kwamba yeye ndiye aliyechukua nafasi.”

Baba, ungejibu nini hapo? Mimi nilimshika mkono tu. Ulikuwa unanukia vumbi la mchele.

Nikamweleza kwamba hatuna anwani, hatuwezi kumwandikia. Ilimchukua muda kuelewa. Kwake yeye, mtu akikuandikia na wewe unamwandikia. Aliniuliza mara mbili kama kosa ni la mtambo, nikasema hapana Mama, ni langu, mimi ndiye niliyechagua. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Akafikiri, kisha akauliza, “Lakini ule ukurasa, yeye anaweza kuuona?”

“Anaweza.”

“Basi ondoa picha, kama alivyosema. Halafu andika ninayokwambia.”

Picha niliitoa mbele yake, akatazama sura ya mdogo wake inaondoka kwenye kioo. Yakabaki maua ya harusi na nafasi nyeupe. Kisha akaanza kusema, na neno la kwanza lilikuwa jina. Aliyoniandikisha ni haya:

“Moinaecha. Hukupotea. Nilikuacha kwa kujua, nyumba ile ilikubali mmoja. Watu niliwaambia uongo. Ni mimi, Zalihata, wa Mahajanga.”

Nikamuuliza kama niongeze maneno ya kuomba msamaha. Akasema, “Hajanikaribisha ndani bado. Nimwombe kupitia dirishani?” Nikauacha hivyo. Nilibonyeza pale pa kuchapisha, na Moroni na Mayotte na Marseille wote wakaweza kusoma aibu yake. Binamu mmoja alipiga simu jioni ileile akifoka kwamba tumeivua nguo familia. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia tu, “Ndiyo.”

Niliporudi huku nikamwambia Abdu. Alinisikiliza akiwa amesimama, mikono ina grisi, kisha akatoka bila kunawa. Tangu siku hiyo hatamki tena neno la kufuta. Na jina la mama yake pia halitamki, na Ijumaa mbili sasa simu ikiita ananipa mimi niipokee. Sijui niseme nini na nani. Kila ninachofanya, ninakifanya kwa kubonyeza, nacho kikishabonyezwa hakirudi.

Kuna jambo moja tu jipya. Ule mtambo unaonyesha idadi ya waliofungua ukurasa kwa siku. Baada ya kelele za wiki ya kwanza kwisha, sasa kila siku ni mmoja. Asubuhi, saa zilezile. Mimi sifungui, naangalia upande wa ndani tu. Abdu ameapa si yeye. Mama mkwe hana simu ya mtandao. Kisanduku kitupu. Huyo mtu anafungua, halafu anafunga, haandiki.

Nikamwambia mama mkwe. Akavuta pumzi ikasikika mpaka huku. Akauliza, “Akifungua, anakaa kwa muda gani?”

Nikasema, “Sijui, Mama. Haionyeshi.”

Nishauri, Baba. Niache vilevile, au niandike tena? Na mume wangu nimwambie nini? Chukua muda wako kujibu, baharia atakayekuletea barua hii, rafiki yake Abdu, atakaa Tanga wiki mbili.

Nisalimie Mama, mwambie asinifiche habari za goti. Msalimie kaka Hamisi na mkewe, na shangazi Mwanaidi aliyenifundisha kusuka, na jirani yetu fundi Omari anayekusomea gazeti. Dada Salma mwambie sijamsahau, nimekosa tu la kumwambia lenye furaha.

Ni mimi mwanao, ambaye hata leo akikwama hukukimbilia wewe,

Mwanahamisi