Mashini Mbili na Mteremko wa Kyamulu

Jumatatu, 2 Septemba 1991

Projekti inafungwa! Boss ametuita wote kabla ya chai, akasema mwisho wa mwezi ni kwisha. Miaka nne ya kupima mvua na mtama hapa Kiboko — kwisha. Nilitaka kulia. Halafu akasema zile pikipiki mbili za magurudumu nne, moja itabaki hapa stesheni, na moja itapewa wakulima wa Kyamulu, kwa sababu walitupatia mashamba ya kujaribia mbegu.

Kyamulu! Kwetu! Ule mlima nyuma ya Migwani ambao gari haijawahi kupanda!

Akaniangalia. Ati Ndinda, wewe ni mtu wa huko, na wewe ndiye unazitengeneza kila siku. Utachagua gani iende. Nataka jibu Ijumaa.

Mimi! Niliacha shule Form Two, nikajifunza injini kwa kuangalia wanaume mikono yao. Leo boss anangoja jibu langu. Njogu, dereva wa Land Rover, alicheka mpaka akashika ukuta. Alitoka Nyeri akajenga hapa barabarani zamani, na anafikiria kila kitu iko na gurudumu ni yake. Akasema, "Mwambie nyekundu saa hii, usipotezee mzungu wiki."

Nimeshindwa kula.

Jumanne, 3 Septemba 1991

Nimeziosha zote mbili. Nimeweka grisi. Nimeziangalia kama mtu anachagua ng'ombe sokoni.

Nyekundu haina gia. Ni belti tu ndani. Unasukuma mafuta na kidole gumba, inaruka! Moshi yake ni ya bluu, inanuka tamu. Kiti iko laini. Ukiwa juu yake unajiona mtu.

Kijani ni mzee. Kerieri imepinda, taa moja imekufa. Gia tano na rivasi, na gia ya kwanza ni polepole, mtoto anaweza kuipita akitembea. Inanguruma kama tumbo ya mtu mwenye njaa.

Barua imefika kutoka kwa Kaluki, mwenyekiti wa mwethya, wale kina mama wanalima matuta pamoja kule juu. Ameandika na kalamu nyekundu kama mwalimu: "Tunataka ile ya kupandisha maji. Migongo imeisha." Nimeisoma nikisimama, nikaitia mfukoni.

Grisi imenikumbusha mkokoteni wa Baba. Alikuwanga anapaka mhimili na mafuta ya zamani kutoka kwa posho mill, na mimi nashikilia mkebe. Ng'ombe wetu walikuwa Disii na Chifu. Disii aliitwa hivyo kwa sababu, kama D.C. wa serikali, alitembea tumbo mbele na hakusalimia mtu. Nguvu! Angevuta nyumba. Chifu alikuwa mwembamba, macho ya usingizi, kila mtu alimcheka. Wote waliisha ile njaa ya 1984, Nikw'a Ngwete, yaani nakufa na pesa mkononi, na Baba hakununua wengine. Hata angenunua, na ule mguu wake angewaendesha aje?

Nikifunga macho nasikia ile kengele ya Chifu.

Alhamisi, 5 Septemba 1991

Mtihani! Nyuma ya stesheni kuna kilima ya mawe. Tumefunga trela, tukapakia mitungi kumi na mbili ya maji, tukaanza chini kabisa.

Kijani kwanza. Gia ya kwanza. Ilipanda ikilalamika, ikasimama mara mbili, Njogu akaisukuma na bega huku anaimba wimbo wa mazishi. Dakika kumi na moja! Wafanyakazi wote walikuwa wamekuja kuangalia. Mmoja akaniuliza kama imebeba maji ama imebeba dhambi zangu.

Halafu nyekundu. Aiya! Nilisukuma kidole tu. Mawe yaliruka, trela ilicheza dansi, dakika tatu na nusu niko juu! Watu walipiga makofi. Hata boss alipiga. Nilisimama kule juu, upepo kwa uso, naona barabara ya Mombasa yote na malori kama siafu, nikafikiria Kyamulu — kina mama na mitungi mgongoni, kamba imechora paji la uso. Mwaitu, mama yangu, alikuwa na hiyo alama mpaka siku tulimzika.

Nyekundu! Swali gani tena?

Ijumaa, 6 Septemba 1991

Boss ameandika fomu. Nyekundu — Kyamulu. Mimi nimemwandikia Kaluki, barua imeenda na basi ya Kitui. Nimemwambia ni nyekundu kama nyanya na inapanda kama mbuzi. Nimeandika hivyo kweli! Njogu amenipa mkono kama mwanaume.

Jumapili, 8 Septemba 1991

Leo kanisani sikusikia mahubiri. Mzee mmoja aliingia amechelewa akiburuta mguu kwa simenti — shhh, shhh — na nikarudi nyumbani. Yaani nilikuwa nimekaa benchi ya Kiboko lakini nilikuwa Kyamulu, 1979, miaka minane.

Wacha niandike. Hakuna mtu anasoma hii.

Mkokoteni ukiteremka ule mlima na mzigo, ng'ombe hawatoshi kuuzuia. Kwa hivyo Baba alikuwanga anakata tawi kubwa la mgunga, anatoa miiba upande wa juu, analifunga na kamba nyuma ya mkokoteni. Tawi linaburuta, linakamata ardhi. Na juu ya tawi anakaa mtoto, awe uzito. Huyo mtoto nilikuwa mimi. Baba aliniita Breki! Kabla ya kuteremka anapiga kelele mbele, "Breki iko wapi?" Na mimi nyuma, "Breki iko!" Vumbi mpaka kwa meno. Nilikuwa naimba mpaka chini. Sijawahi kufurahi hivyo tena, hata juu ya nyekundu.

Ile siku nilikuwa na patipati mpya. Za bluu. Za kwanza maishani. Moja ilitoka kwa mguu ikabaki nyuma kwa njia. Nikaruka kuichukua.

Tu hivyo. Nikaruka.

Nikasikia tawi limekuwa jepesi. Nikaona mkokoteni umeanza kukimbia, Disii anakimbia nao — yeye alijua kuvuta tu, hakuna mtu alimfundisha kushika. Chifu peke yake ndiye alikaa chini na matako yote, anashika, anashika, anaburutwa. Baba alikuwa mbele yao. Gurudumu lilipita juu ya mguu.

Watu walisema kamba ilikatika. Mimi nikasema ndiyo, kamba ilikatika. Baba hakusema kitu. Mpaka leo watu wa mlima wakikaza kamba wanasema, isiwe kama ya Mwangangi, yaani ya Baba.

Na hajawahi kuniita Breki tena.

Jioni nimetoa barua ya Kaluki kutoka mfukoni. Kumbe kuna maneno nyuma ya karatasi! "Na kuteremsha mbaazi na wagonjwa, maana unajua mteremko wetu."

Asi. Mimi nilijaribu kupanda tu.

Jumatatu, 9 Septemba 1991

Nimeamka mapema, nikapeleka nyekundu juu ya kilima kabla ya watu. Mitungi ni ile ile kumi na mbili. Nikageuza uso chini. Nikaachilia mafuta pole pole.

Hakuna kitu inashika! Ukiachilia mafuta, belti inalegea, injini inajisahau, na mashini inaenda yenyewe kama jiwe. Trela ikanisukuma kwa mgongo. Nikakanyaga breki, nikakamata ya mkono, zikashika kidogo, halafu nikasikia harufu — breki zinachomeka. Nilikata kona nikaingia kwa kichaka cha miiba. Mitungi saba imepasuka. Mkono wangu umechanika mpaka kiwiko.

Nililala hapo nikicheka kama mwenda wazimu. Disii! Nyekundu ni Disii!

Nikarudi kuchukua kijani. Mitungi mitano tu imebaki, nikajazia trela na mawe. Gia ya kwanza. Nikatoa mkono kwa breki. Nikatoa! Ikateremka hatua kwa hatua ikinguruma, imeshika, imeshika, mpaka chini, na mimi mikono hewani kama mtu wa uamsho. Chifu mtupu.

Jumanne, 10 Septemba 1991

Nimemwambia boss nimekosea. Akauliza nimekosea ama nimeogopa. Nikasema nimekosea, na nikaogopa pia. Akaangalia bandeji yangu, akapasua fomu, akaandika ingine. Ati weka sahihi hapa, hii imekuwa yako.

Njogu amenuna. "Watu wamengoja nyanya, wewe unawapelekea sukuma wiki." Lakini jioni alikuja na balbu ya taa, akaitia mwenyewe. Tena akasema Jumamosi yeye ndiye atanipeleka, maana mwanamke wa kichaka hawezi kuendesha trela barabarani peke yake.

Nimefikiria Kyamulu siku yote. Zile matomoko nyuma ya nyumba. Moshi ya asubuhi. Nikifika nitaambia Baba nini? Miaka kumi na mbili nimebeba patipati moja.

Jumamosi, 14 Septemba 1991

Niko juu. Kyamulu! Naandikia juu ya tangi ya mafuta.

Njogu alituacha pale gari inaishia. Kina mama walikuwa wamevaa leso za kanisa, wameshika majani, wanaimba. Waliona kijani, wimbo ukakatika katikati. Kaluki akazunguka mashini mara mbili. "Ndinda wa Mwangangi. Hii ndiyo nyanya?"

Nikasema, "Mwaitu, ile nyanya ingewaua."

"Na hii itatuua na aibu."

Tulipakia maji. Ilikwama kwa ile kona ya mwamba, kama nilijua itakwama. Kina mama wakaweka mabega, wanacheka, wananitukana mimi na kijani pamoja. Ati wamengoja mashini ya kuwasukuma, kumbe ni wao wataisukuma. Lakini ilifika! Saa nne asubuhi maji yalikuwa juu na hakuna mgongo ulibeba.

Mlima ni mdogo kuliko nilivyokuwa nakumbuka. Njia ni ile ile. Ile sehemu pia. Nimeipita bila kuangalia upande.

Tukapakia magunia mawili ya mbaazi ya kuteremsha. Kaluki akasema wiki ijayo kuna mgonjwa wa kuteremsha, nikauliza nani atamshikilia, apande trela leo aone njia kwanza. Mmoja akasema polepole, kwa huu mteremko, atangulie mtu wa nyumba ya Mwangangi. Wengine wakaangalia chini.

Baba akatoka kwa nyumba. Koti la kanisa, fimbo. Amekuwa mdogo pia. Akasema, "Mimi nitashuka," akaenda nyuma ya boma. Tukangoja. Tukasikia panga.

Amerudi akiburuta tawi la mgunga. Ametoa miiba upande wa juu.

Nikamwambia Baba, hii haihitaji tawi, gia inashika, nimeijaribu na mawe. Akasema, "Hata Chifu alikuwa anashika. Na bado tulikuwa tunafunga." Akapiga magoti na ule mguu umenyooka kando, akaanza kufunga kamba kwa trela. Kamba ya katani, nyeusi na mafuta ya zamani. Ninaijua hiyo kamba.

"Ni ile," akasema.

Nimeiangalia kutoka mwisho mpaka mwisho. Hakuna fundo. Hakuna mahali iliungwa.

"Haijawahi kukatika hii," Baba akasema, polepole, vile mtu anasema kesho kutakuwa na mawingu. Kina mama hawakusikia. Halafu akakaa juu ya tawi, akanyoosha mguu mbele, akakunja koti lisishike vumbi.

"Haya. Breki iko. Washa."

Nimemwambia nangoja injini ipoe. Injini imelala tangu saa nne. Anajua. Amekaa tu hapo nyuma, ameshika kamba na mikono yote mbili, na kila nikigeuka ananiangalia miguu.