Miji Niliyokutajia Mulangoni

Kindu, tarehe 10 Februari 1957

Jérôme, muke wako ana mimba! Nimeitanguliza mbele ya salamu, maana ningeichelewesha ningepasuka mimi. Sasa salamu zifuate. Mwanangu, uliyebeba jina la baba yangu, umeamkaje huko Stanleyville unakongojea karatasi ya safari? Kikohozi kimekuacha? Sisi hapa tunapumua vizuri. Goti langu linalalamika mvua ikikaribia, lakini bado linanifikisha soko ya mutaa wa Kasuku na kunirudisha.

Hélène anatapika asubuhi, mchana anadai ndimu, jioni anakula wali wangu sahani mbili. Na nani asingekula? Wali wa Albertine unajulikana. Mutoto huyu atazaliwa Usumbura, ng'ambo ya ziwa, na baba yake akiwa mwalimu wa Kingereza! Mimi darasa la tatu tu nilifika, lakini tumbo langu limezaa mwalimu wa Kingereza. Nimesema kanisani, nimesema sokoni, nimesema kwenye mashua ilipotia nanga. Mutu asiyesikia katika Kindu hii, ni kiziwi ao amefika jana.

Hadidja, jirani yetu, aliniuliza mbele ya wamama wote: «Mama Jérôme, hao watu wa Usumbura watakula Kingereza?» Nikamwambia: «Watakula, na makombo watakuletea wewe.» Akacheka mpaka akashika ukuta. Tunapendana hivyo hivyo.

Siku ile ya kukuaga, sauti yangu uliisikia? Nilikupulizia maji kichwani, nikataja Usumbura hapo mulangoni mpaka kuku wakakimbia. Baba yako mudogo Kitenge amesema hajasikia mama kutaja muji kwa nguvu namna ile. Na unajua kwetu: mama akisha kukutajia muji mulangoni, humo ndani huingii tena mpaka miguu ikanyage muji ule. Basi kanyaga haraka, uje umuchukue muke wako.

Mama yako mwenye furaha,
Albertine


Stanleyville, tarehe 2 Aprili 1957

Mama yangu,

Nakusalimu kwa heshima. Kikohozi kimepona. Goti lako lipake mafuta ya mawese ya moto, usilidharau. Barua yako niliisoma nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa, halafu nikawasomea wenzangu wote wa shule ya biblia. Mwambie Hélène namushukuru. Mwambie mara mbili.

Mama, usikasirike. Usumbura imekufa. Ofisi moja imekataa karatasi yangu ya safari. Bwana mule aliniangalia toka kiatu mpaka kichwa, akasema mutu mweusi Kifaransa kinamutosha, Kingereza anataka kumwambia nani. Misionere wangu ameandika mahali pengine, na sasa wanasema nitaenda Brazzaville. Kuna shule ya wachungaji, wanataka mutu wa kuwafundisha kusoma vitabu vya Kingereza. Mimi nimeomba Mungu, naona yeye haendeshwi na karatasi za ofisi. Akitaka nifike, nitafika.

Pasaka wananipa ruhusa ya siku chache. Naomba nije nimuone Hélène. Mashua iko. Niruhusu.

Mwana wako,
Jérôme


Kindu, tarehe 14 Aprili 1957

Jérôme,

Uzima tunao, hasira inatuzidi. Wewe je, unakula?

Kukuruhusu? Wapi! Nimetaja Usumbura mbele ya mutaa muzima, halafu wewe ushuke mashuani na sanduku lako lile lile, viatu bila hata vumbi ya ugenini? Watu watasema nini? Nilimuuliza Kitenge. Alikuwa anatengeneza mitego yake ya samaki, hakuinua hata kichwa. «Muji uliotajwa haujakanyagwa,» akasema. «Mutoto akiingia, safari itamufuata ndani ya nyumba na kulala naye.» Unasikia? Na muke mwenye mimba iko humo ndani! Kaa huko.

Na huyo bwana wa karatasi! Angekuja hapa Kindu ningemupikia sombe ya majani ya muhogo bila chumvi, na nimuangalie mpaka amalize. Eti Kingereza unamwambia nani. Unaniambia mimi! Siku ile ulipoombea chakula kwa Kingereza, si nililia hapo hapo mezani? Sikuelewa neno, lakini Amina niliisema kwa nguvu kuliko pasta.

Unaniambia nimuamini Mungu. Mimi namuamini toka ungali mugongoni. Lakini mbona maneno yake yanapitia kwa wazungu wasiojua kesho watasema nini? Muulize hilo misionere wako, halafu uniandikie alivyojibu.

Shati yako ya buluu, ile uliyoacha kwenye musumari, nimeisimamisha mulangoni juu ya fimbo. Nimeipulizia maji, nimeitajia Brazzaville. Hélène alicheka sana, akasema shati imenona kuliko mwenyewe. Kitenge hakucheka. Sasa nenda Brazzaville. Huko ni kwa Wafaransa, hata bora. Hadidja nimekwisha kumwambia Usumbura tuliikataa sisi wenyewe.

Mama yako,
Albertine


Stanleyville, tarehe 8 Julai 1957

Mama,

Natumaini barua hii inawakuta salama, na Hélène anatembea bila shida. Mimi mwili ni muzima. Roho si vile.

Brazzaville pia imeanguka. Mwalimu mukubwa wa shule ile amegonjwa, wamemurudisha kwao Ulaya, na shule wameifunga. Sasa wanasema Bangui. Nani anasema? Wanasema. Bangui kwa nani, kuanzia lini, hakuna anayejua. «Jérôme, ngojea,» misionere aliniambia, halafu akanipa fagio nifagie kanisa wakati nangojea.

Uliniambia nimuulize swali lako. Nilimuuliza. Akasema, «Mama yako ana haki. Mimi pia sijui.» Mama, nilikuwa nimejitayarisha kumukasirikia, na neno lile likanikata nguvu. Lakini Mungu nilimukasirikia. Nilienda kwenye maporomoko, pale maji yanapiga kelele mpaka mutu hasikii sauti yake, nikamupigia kelele kwa Kingereza, kwa Kiswahili, na kwa lugha ya kwetu. Nilipomaliza nikakaa juu ya jiwe. Nilikuta bado naomba. Sijui namna ya kukueleza. Hasira iliniishia mudomoni, na yeye alikuwa bado pale.

Sasa nakuomba jambo moja tu. Hélène atazaa mwezi wa tisa. Mutoto wa kwanza, jina lake linatoka kwa baba, akimushika mikononi. Niruhusu nije nimupe mutoto wangu jina. Sitapita juu ya neno lako, unanijua. Kwa hiyo liondoe.

Mwana wako,
Jérôme


Kindu, tarehe 1 Agosti 1957

Jérôme,

Hatujambo. Hélène hajambo, tumbo limekuwa kama ngoma.

Bangui sitaitaja. Usinitumie majina ya miji tena! Mimi si mulinzi wa stesheni wa kuita watu kila kituo cha treni. Nimetaja moja, nimetaja mbili, mate yamenikauka.

Na kuja, usije. Nitakueleza sababu, na usinicheke. Watu wamezidi kuniuliza. Kila ndoo ya maji, swali. Kila kapu la muhogo, swali. Siku moja, wamama wa chama cha kanisa wamekaa, Scholastique muke wa pasta ananiuliza kwa ile sauti yake ya asali: «Mama Albertine, mwalimu wetu angali Stanleyville?» Nikasema: «Nani? Jérôme amefika Brazzaville toka zamani. Wamemupa nyumba ya matofali. Wanafunzi wanasimama akiingia.» Mudomo ulikwenda peke yake, na mimi nikaufuata. Wamama wakapiga vigelegele. Wakaimba wimbo muzima kumushukuru Mungu.

Sasa wewe ushuke mashuani hapa, mimi niingie wapi? Chini ya kitanda? Mungu wenu wa kungojea, mumungojee huko huko. Hapa Kindu umekwisha fika Brazzaville.

Jipake mafuta kifuani ukilala. Kula.

Mama yako,
Albertine


Stanleyville, tarehe 30 Septemba 1957

Mama,

Shikamoo.

Jana nilikuwa sokoni hapa Stanleyville. Tambwe, yule muchuuzi wa samaki wa Lokandu, aliniita toka mbali: «Baba mutoto! Baba mutoto! Hongera!» Nikageuka kutazama anayeitwa. Aliniita mimi.

Mama, nimesikia kati ya makapu ya samaki kwamba nina mutoto. Ni musichana, Tambwe anasema, ana wiki mbili, na hana jina, wanamwita Mugeni. Mutoto wangu anaitwa Mugeni nyumbani kwetu! Na wewe kalamu iko, na karatasi iko, na mashua ya barua inapita.

Mimi Usumbura nimenyimwa, nikanyamaza. Brazzaville nimenyimwa, nikanyamaza. Bangui hakuna tena, wameniambia juzi, na wanatafuta mahali pengine. Hayo yote niliyapokea, maana nilisema Mungu anajua anapotaka kunipeleka. Lakini hii si Mungu aliyeifanya. Mulango wa nyumba yetu haukufungwa na ofisi yoyote, wala na misionere. Ni wewe uliufunga.

Nilisema sitapita juu ya neno lako. Sitapita. Ila ujue namna ninavyolala.

Jérôme


Kindu, tarehe 11 Oktoba 1957

Jérôme, unarudi nyumbani! Ninasema mimi. Salamu utazipata ukifika, na kikohozi nitakitazama mwenyewe.

Umeandika jina lako bila «mwana wako». Nililiona. Nimelikasirikia siku tatu, halafu nikamupa Hélène barua. Aliisoma akiwa kwenye kinu, mutoto mugongoni. Alipomaliza akaendelea kutwanga muchele, pole pole. Akaniambia, bila kuinua sauti: «Mama, mimi niliolewa na mutu. Sikuolewa na muji.» Nikamuuliza anaongea na nani. Akasema: «Na wewe, mama. Mashua ya juma lijalo, mimi na mwanangu tunapanda. Jina lake ataenda kulichukua kule liliko.» Hélène huyu, ambaye hajawahi kunirudishia hata kijiko vibaya! Nilimwambia mashua inanuka mafuta, mutoto atagonjwa. Akasema: «Basi aje baba yake.» Halafu akanipa muti wa kutwangia, nishike mimi. Nilitwanga, mwanangu. Muchele ule hakuna mutu aliyeula, uligeuka unga.

Sikuandika kwamba mutoto amezaliwa kwa sababu kila nilipoanza, nilijua utakuja. Ndiyo hiyo. Usiniulize tena. Mimi bado nina hasira. Nina hasira na ofisi ile, nina hasira na misionere mwenye fagio, na Mungu mwenyewe tunayo maneno, mimi na yeye, hatujamaliza. Jumapili iliyopita wengine walipofumba macho, mimi nilimutazama juu na kumwambia: umemuchezesha mutoto wangu kama mupira, na bado anakupenda. Hujaona haya? Wakati ule ule mutoto akashika kidole changu kwa nguvu, akakivuta mpaka mudomoni. Simaanishi kitu. Nakueleza tu ilivyokuwa.

Nikainuka hapo hapo mbele ya wamama wote. Nikasema: «Jérôme hayuko Brazzaville. Hajafika popote. Iko Stanleyville anafagia kanisa, na anarudi kwake.» Scholastique akatazama viatu vyake. Na Hadidja, ambaye hata kanisani haingii, alikuwa ananingojea inje na kapu lake, akaita kwa dirisha: «Albertine! Sisi sote tunajua toka mwezi wa nane! Tambwe anamuona kila safari! Tulikuwa tunangojea kuona utamujengea na ghorofa!» Kanisa zima likacheka. Mimi nikataka kukasirika, nikashindwa, nikacheka mimi wa mwisho na kwa nguvu kuliko wote.

Kitenge sasa. Huyo hakucheka. Alikuja na kiti chake, akakiweka katikati ya mulango, akakaa. «Muji haujakanyagwa,» akasema. Nikamwambia mulango huu niliununua mimi kwa muchele wangu, na nyumba hii niliisimamisha mimi ndugu yako alipokufa, wewe ukiwa kule machimbo ya Kama, unachimba zahabu usiyoipata. Akasema atakayepitisha mutoto aliyetajiwa muji atamuharibia njia zote. Nikasema nitamuaga upya. Akauliza: «Utamutajia wapi safari hii?» Nikasema: «Hakuna.» «Hakuna namna gani?» «Nitampulizia maji, nitasema: nenda pale Mungu atakapokupeleka. Basi. Jina la muji alijue yeye.» Kitenge akatikisa kichwa: «Maji bila jina la muji ni maji ya kunawa.» Nikamwambia: «Basi anawe! Ametoka mbali.»

Alikaa pale mpaka wali ukaiva. Nilimupitishia sahani juu ya magoti yake. Alipomaliza kula akainuka, akachukua kiti chake, na akauliza kama kutakuwa na samaki. Nikasema kutakuwa.

Sasa sikia vizuri. Wakikuita muji mwingine wowote, utaenda. Wakikunyima, utabaki, utafundisha hata kuku wangu Kingereza. Mimi sitatangaza tena muji wowote kabla hujaniandikia kutoka ndani yake. Hilo naliahidi, ingawa unanijua, na Hadidja amekwisha kucheka.

Mashua inafika hapa siku ya posho, Jumamosi. Tambwe ataleta samaki toka Lokandu, mimi nimetenga muchele mupya, pasta amekubali kuja, Kitenge atavaa koti yake. Utaingia kwa mulango ule ule, kichwa mbele, mimi nimesimama pembeni, na Hélène ndani na mutoto asiye na jina. Tumeita watu wote. Karamu ni kesho yake, siku ya Mungu, tarehe 27 Oktoba.

Mama yako,
Albertine