Shingo ya Asukulu

Mjini Baraka, kando ya ziwa

Neema, mtoto wa kaka yangu,

Shangazi nakusalimu. Huku tupo. Mihogo ya shamba letu la Lubondja imevunwa, na babu yako anakohoa kidogo tu.

Unaniuliza kama weusi wa shingo yako ni uchafu, maana mama yako anakusugua na hautoki. Si uchafu, Neema.

Mdogo wangu Asukulu, ambaye hukumkuta, alikuwa na shingo hiyo. Tulikuwa tumerudi kutoka kambi ya wakimbizi, na mama yangu alimlisha kama mtu anayelipiza njaa. Majirani walimsifu: "Mama Asukulu, mutoto iko na afya!" Hakuna aliyesema ni mnene mno. Kila Jumamosi mama alimsugua shingo ziwani kwa mchanga.

"Mama, mi ni sufuria?" Asukulu aliuliza akicheka.

"Nyamaza! Kesho kanisani batasema mi sina maji."

Baadaye akawa anakunywa maji bila kukata kiu. Akakonda, akazimia. Daktari alikuta vidonda vya mchanga juu ya ule weusi wa shingo.

"Mama, hii si uchafu. Ni alama ya ugonjwa wa sukari."

Alama ilikuwa imekaa hapo miaka, nasi tukiisugua. Hakupona. Siku ya kumwosha kwa mazishi, mama alifika shingoni, akaondoa mkono.

Mwili wako si aibu, na mama yako hana ubaya. Msomee barua hii, kisha mwende hospitali wiki hii, wakupime sukari na presha. Kabla ya hapo, shingoni pitisha maji tu.

Shangazi yako,
Riziki