Mashavu ya Celestine

Kansanga, Kampala
9 Juni 1991

Mwanangu Wangila,

Pokea salamu za mama yako. Hamjambo huko Bungoma? Kile kikohozi cha mjukuu wangu mdogo kimepoa? Mimi mzima, ila magoti, na usingizi siku hizi unapita mlangoni tu hauingii.

Uliuliza dada yako Celestine alikuwaje siku zake za mwisho, maana mazishi hukuyawahi. Sasa nakueleza, usinikasirikie kabla sijamaliza.

Mwezi wa pili aliniomba nimwitie Dawudi, yule anayechora watu kwa penseli pale soko la Owino. Nikamwambia mwanangu, subiri kwanza unenepe. Akacheka, akasema mama, huko kunenepa sitakufikia. Basi Dawudi akaja. Nikamvuta uani, nikamnong'oneza amjazie mashavu na kumrudishia nywele zake za zamani. Maskini, akakubali.

Celestine aliitazama ile picha sana. Akaniuliza, mama, huyu mgeni umemtoa wapi? Akaigeuza ukutani. Siku mbili ilikaa hivyo, uso ukutani.

Dawudi alirudi mwenyewe, bila kuitwa. Celestine akavaa hereni zake, akakataa mto, akakaa wima mpaka jasho likamtoka. Akamwambia achore kila mfupa, asimwibie hata mmoja. Ilipokwisha aliishika kifuani, akasema sasa huyu ndiye mimi. Hiyo ilikuwa Jumanne. Ijumaa akatutoka.

Wangila, hapa kalamu inanilemea. Nilikuandikia kwamba ni malaria. Haikuwa malaria. Ni silimu, huo ugonjwa unaokausha watu huku. Na siku ya mazishi, juu ya jeneza niliweka ile ya mashavu. Watu wakasema kweli alikuwa mzuri, na mimi nikaitikia. Ile yake ya kweli nilikuwa nimeificha chini ya godoro. Nilimwonea aibu mtoto wangu mwenyewe, naye amelala pale, hawezi tena kuigeuza.

Ile ya mashavu nimeichoma kwenye sigiri. Yake nimempa Makokha, anayesafiri kuja huko, akuletee pamoja na barua hii, nimeifunga kwa leso yangu. Itundike pale wageni wanapokaa. Wakiuliza ni nani, usishushe sauti kama nilivyoshusha mimi. Sema ni dada yako, Celestine.

Nisalimie mke wako, na watoto uwashike vichwa kwa niaba yangu. Mungu awalinde, na mimi mniombee.

Ni mimi mama yako,
Nabangala