Sitaha Haitaki Mkono Mzito

Kwa Bwana Mashua,
Singida Mjini,
Juni 1951

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mguu wako umeacha kukusumbua, na ule mtama wa bondeni umeuvuna kabla ndege hawajaanza kuuita wao. Mimi ni mzima kabisa, ila nanuka nta, na upepo wa Singida unavuma mpaka masikio yanauma.

Shikamoo na wewe, Mwalimu Antipasi, unayemsomea Mama. Najua umekalia kile kigoda cha mlangoni, miwani puani, na majirani wamejaa uani kama kawaida yao barua ikifika. Naomba jambo moja tu, Mwalimu. Usome kila neno, kwa sauti, mpaka mwisho, kama ulivyotufundisha darasani. Barua yangu iliyopita ilikuwa na salamu za watu wengi, lakini mjomba Alute alipopita huku na ng'ombe wa mnada aliniambia kwamba salamu moja haikusikika. Nikajisemea, labda jua lilikuwa limezama.

Mama, hujasahau nilivyoondoka hapo Ihanja. Mjomba Alute alipeleka posa yetu kwenye nyumba ile, na jibu likarudi kwamba binti hawezi kupewa kijana mwenye mkono mzito. Ikasemwa kwamba kengele ya kanisa niliipiga mpaka ikapasuka. Ikasemwa kwamba mtungi wao niliusaidia kuubeba kutoka kisimani, nikaukumbatia kwa upendo mpaka ukawa vigae. Nikaambiwa nikatunze kwanza kitu kizuri cha watu bila kukiharibu, ndipo tuzungumze. Sikubisha, maana kengele ilipasuka kweli. Lakini iliniuma sana, Mama, kwa sababu binti mwenyewe alikuwa ameshanikubali.

Basi huku nikapata kazi kwa Mzungu mmoja aliyekuwa mgodini Sekenke. Watu wanamwita Bwana Mashua, kwa kuwa ametengeneza mashua ya mbao za mninga na kuiweka ziwani hapa mjini. Haendi nayo popote. Inazunguka kidogo, inarudi, anakunywa chai juu yake. Kazi yangu ni sitaha, yaani ile sakafu ya juu ya mashua. Bwana alinipa kopo la polishi ya nta na kitambaa, akaniambia nipake kidogo, nisugue polepole, kila asubuhi, mbao ziendelee kung'aa. Nikasema ndiyo Bwana. Moyoni nikasema, huyu hajaniona nikifanya kazi.

Mama, nilisugua! Nilisugua mpaka mashua ikayumba, na kopo ambalo lingetosha msimu mzima likaisha mara moja. Bwana alikuwa safarini Itigi. Nikaogopa, nikakumbuka nyumbani. Kibuyu chako cha maziwa unakipaka nini kikang'aa? Samli. Ngozi ya kulalia inalainishwa na nini? Samli. Hata bibi harusi anapakwa nini mpaka watu wafumbe macho? Nikaenda kwa wafugaji nikaomba samli nzuri, nikaimimina kwenye sitaha yote kwa moyo mweupe. Iling'aa, Mama. Ungeuona uso wako humo.

Kesho yake nilikuta mbwa wa mjini wote wameingia ndani ya mashua wanalamba. Nikawafukuza, nikaongeza samli walipolamba. Kabla sijamaliza vizuri, Bwana huyo hapo, amerudi na mgeni wake, Mzungu wa reli kutoka Manyoni, na bibi yake, wote wamevaa nguo nyeupe. Bwana akapanda wa kwanza, kikombe cha chai mkononi. Akateleza. Hakuanguka, Mama, ndiyo ajabu yake. Alipita sitaha nzima amesimama wima kama Askofu kwenye maandamano, akatokea upande wa pili, akaingia ziwani na kikombe chake. Mgeni akaruka kumshika, naye akapita njia ileile.

Pale maji ni ya kifuani tu. Walisimama humo wakitutazama, kofia zinaelea. Kefa, mpishi wetu, Mgogo wa Manyoni, aliniambia pale pale nikafunge mzigo wangu, na nadhani alishaanza kunifungia. Mimi sikuwa na habari ya mzigo. Niliwaza nyumba ile tu. Niliwaza jinsi watakavyosema, si tulisema?

Aliyeniokoa ni yule bibi wa mgeni. Alicheka mpaka akakaa chini mchangani. Akamwambia mumewe kwamba tangu waoane hajapata kumwona amenyamaza muda mrefu namna ile, na kwamba kijana huyu hafukuzwi. Siku iliyofuata akanisimamia nioshe samli yote kwa maji ya moto na sabuni, kisha akakaa kunitazama nikipaka polishi mpya. Akanizuia mara moja. Akasema, "Melkiori, wewe unapigana na mbao. Mbao hazijakukosea."

Akaenda jikoni akaleta yai bichi. Akaliweka kiganjani mwangu, akalifunika na kitambaa, akaniamuru nisugue hivyo hivyo, yai likiwa ndani. Mama, yai la kwanza halikumaliza hata ubao mmoja. La pili nalo likapasuka. Kefa akawa analalamika kwamba Bwana hana tena yai la asubuhi, yote yanaishia kwenye sitaha. Mimi nilitoka jasho kuliko siku za kulima. Kumbe kufanya kitu polepole kunachosha! Unachovya ncha ya kitambaa, unapaka utando mwembamba, unasubiri ukauke, unapangusa kama unampangusa mtoto aliyelala. Mkono unataka kukandamiza, unaukataza. Unataka tena, unaukataza tena. Ikafika asubuhi moja nikamaliza sitaha yote, nikafungua kitambaa, yai zima. Nililia, Mama. Kefa alidhani nimefiwa.

Tangu siku hiyo sijavunja kitu katika nyumba ya Bwana. Sitaha inang'aa, na mtu akipita hatelezi.

Sasa Mwalimu, tafadhali usishushe sauti. Majirani wote wanajua nyumba ile ni ya nani. Ni yako. Binti ni Felista, na salamu iliyokosekana ilikuwa yake. Nimetunza kitu kizuri cha watu, sikukiharibu ila ile siku ya samli, na hiyo nimeisema mwenyewe mbele ya kila mtu. Naomba nijibiwe leo, hapa uani, kwa kinywa hicho hicho kilichosoma.

Na jambo la mwisho. Barua hii nimeiandika Singida, lakini mjomba Alute hakuileta peke yake. Tumetembea pamoja. Niko nyuma ya ghala la mtama, Mama, nakusikiliza unavyocheka. Mkononi nina yai bichi nililolibeba tangu Singida, njia nzima, na wala sikulichemsha. Asiyeamini alipasue mwenyewe.

Mama, Mwalimu amemaliza kusoma. Usimsukume. Mpe togwa.

Nisalimie mdogo wangu Yustina, nisalimie mama Martina na wote waliokuja kusikiliza. Felista namsalimia kuliko wote, na hii Mwalimu ameshaisoma, hawezi kuirudisha.

Akisema ndiyo, niite. Nitabisha hodi polepole.

Ni mimi mwanao,
Melkiori